Pumzi Kabla ya Neno "Mbali"

Jumatatu, mwezi wa pili, 1952

Mvua tangu alfajiri. Si ile ya ngurumo, ni haya manyunyu ya kwetu yasiyo na haraka, na ukungu umekaa juu ya mibuni hauna habari ya kuondoka. Shuleni nimefundisha kwa kujikaza tu. Darasa la tatu wamenisomea hesabu za mara saba, nami nikawa naitikia "vizuri, vizuri", na sina hakika hata walisema saba mara saba ni ngapi. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nimetoka kwa Mama na nitarudi huko kabla giza halijaingia. Miguu ina matope, sijala. Nina jambo la kuandika na sitaki kuliandika, ndiyo maana nimeanza na mvua.

Haya. Niseme.

Jana nilimfukuza Mungu kanisani kwa sauti nne.

Maneno hayo si yangu. Ni ya Mchungaji. Aliniambia mlangoni baada ya ibada, kwa upole kabisa, huku akiendelea kuwapa watu mkono. Angenifokea ningejua la kumjibu, maana kwa kubishana sijambo. Lakini alisema kama mtu anayekuambia kifungo cha shati lako kimefunguka, na mimi nikabaki pale nimeshika karatasi zangu za nota, uso unawaka.

Nieleze tangu mwanzo, labda nitaelewa mwenyewe.

Mwaka wa nane huu nafundisha kwaya ya usharika wetu wa Ihanda, na miaka yote hiyo tumeimba tuni za wamisionari. Ni tuni nzuri, sizisemi vibaya. Lakini zilitengenezwa kwa lugha nyingine, Kiswahili kikavalishwa tu, kama koti la mtu mwingine: mabega yamebana, mikono imezidi. Neno linalotaka kupanda linashushwa, neno fupi linavutwa hadi mtu anaishiwa pumzi. Na wazee wetu, ambao siku sita wanazungumza Kinyiha na ya saba ndiyo wanaimba Kiswahili, wanameza nusu ya maneno na kumwachia Mungu aelewe mwenyewe. Ikanikaa kichwani kwamba naweza kutunga zetu. Zaburi, kwa tuni inayotembea kama tunavyotembea sisi.

Wazee wa kanisa walikataa mara mbili. Mara ya kwanza walisema nyimbo zilizopo zinatosha. Mara ya pili mmoja wao aliniuliza kama mimi na Daudi ni rika moja. Watu walicheka sana, mimi pia nilicheka, lakini rohoni niliudhika wiki nzima. Mara ya tatu Mchungaji akanitetea: niruhusiwe wimbo mmoja tu, Jumapili ya wageni, ndugu wa sharika za Ndalambo na Mbebe wakiwepo. Ukipokelewa, nitaendelea kutunga. Usipopokelewa, turudi kitabuni na tusisumbuane tena.

Nikachagua zaburi ile ya thelathini na nne, pale inapomsogeza Mungu karibu na watu waliovunjika moyo. Maneno nikayapanga upya yakae kwenye tuni. Moyo wako ukivunjika, Mungu hayuko mbali nawe. Ndiyo hayo tu, kiitikio kizima.

Tuni yenyewe ilinijia nikitembea kwenda shuleni. Nilikuwa naimba nota njiani kwa sauti, hadi mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akanipisha kwa hofu. Ilipanda kwenye "moyo wako ukivunjika", halafu ikashuka pole pole, mi, re, do, na hiyo mi-re-do ikaangukia sawasawa kwenye neno "hayuko". Silabi tatu, nota tatu. Ikatua kwenye do kama mtu aliyefika kwake. Nilifurahi, nikasimama katikati ya njia. Hapo kwenye do nikaweka pumzi, waimbaji wavute hewa, kisha waingie na "mbali nawe". Na kwa kuwa sauti ya kwanza wanaishikilia do ile kwa mapigo manne, na sikupenda besi wakae bure, nikawapa kazi: warudie neno la mwisho mara mbili, chini kabisa. Hayuko, hayuko.

Asomaye ameshaona. Mimi sikuona.

Na si mimi peke yangu. Tumeufanyia mazoezi miezi miwili. Kwetu kwaya hujifunza nota kwanza na maneno baadaye, tena kila sauti kona yake. Maneno niliyaandika ubaoni kwa herufi kubwa, mstari mmoja usiokatika: MUNGU HAYUKO MBALI NAWE. Kila mwimbaji aliimba huku anautazama ubao. Macho yalikuwa yanasoma mstari mzima, kwa hiyo masikio hayakusikia mahali tulipoukata. Nzowa, kiongozi wetu wa besi, ni fundi seremala, na sehemu yake aliipenda hadi akawa anaiimba akipiga randa. Nikipita nje ya karakana yake nasikia "hayuko, hayuko", nami najisemea, huo ni wimbo wangu jamani! Kichwa kikavimba.

Sisi wote tulioutayarisha wimbo ule tunajua kusoma. Hilo ndilo lililotuponza.

Mama hajui kusoma.

Sasa lazima nimwandike Tito. Tito ni mdogo wangu, sisi kwa Mama tulikuwa wawili tu. Miaka minne iliyopita alivuka mpaka pale Tunduma kwenda kwenye machimbo ya shaba, Rhodesia, kama vijana wengine wa huku. Mwaka wa kwanza aliandika mara mbili. Kisha kimya. Kiangazi cha mwaka juzi Mama akashindwa kuvumilia. Mimi nikiwa darasani, yeye akapanda lori la kahawa hadi Tunduma, akaenda mwenyewe kwenye ofisi moja ya wanaoandikisha vibarua. Karani akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema, "Hayuko." Mama akabaki amesimama. Karani akarudia bila kuinua kichwa: "Hayuko."

Aliporudi alinisimulia safari yote kwa Kinyiha, lori, vumbi, wanawake wa Kibemba na samaki wao wakavu. Neno hilo moja tu alilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya karani. Nikamweleza kwamba maana yake hayuko kwenye daftari lile, Mama, si kwamba hayuko duniani. Akanitazama, akasema, "Haya."

Haikupita miezi miwili, mtu mmoja wa Ndalambo akanisimamisha njiani. Alikuwa ametoka machimboni na baiskeli mpya, na kule walilala chumba kimoja na Tito. Alikuwa ananitafuta. Akaniambia mwamba ulishuka. Akaniambia Tito hakuteseka, na kwamba yeye mwenyewe alishika sepetu siku ya maziko. Alivua kofia aliposema hivyo. Nilimshukuru. Nikamwomba asifike nyumbani, nitamwambia Mama mwenyewe.

Sikumwambia.

Hili sijawahi kuliandika popote, hata humu. Wiki ile Mama alikuwa na homa, nikasema ngoja ipoe. Ikapoa. Nikasema ngoja tumalize kahawa. Tukamaliza. Kila nilipoamua kwamba ni leo, nikamchotea maji, nikamkatia kuni, nikaondoka. Nilikuwa mwana mwema kweli kweli siku zile, kila mtu alinisifu. Halafu siku moja akaniuliza kama kuna barua, na mkononi nilikuwa nimeshika barua ya mkaguzi wa shule, ya habari za chaki na daftari za mahudhurio. Macho yake yalikuwa juu ya karatasi. Nikasema ndiyo, Mama, ni ya Tito.

Nikaifungua nikasoma. Tito anakusalimu sana. Anauliza habari za goti lako. Anauliza maharage yamekubali vipi mwaka huu. Atakuja mvua zikiisha. Yote hayo niliyasoma kutoka kwenye karatasi ya chaki. Mama akaniomba ile karatasi, nikampa, akaikunja vizuri akaitia kwenye kopo lake. Mwalimu mkuu nilimwambia barua ya mkaguzi imepotea.

Na Jumapili iliyofuata nilisimama mbele za watu nikaongoza sala.

Basi, jana. Kanisa lilijaa, wageni wengine walisimama nje chini ya ukingo wa paa. Kwaya ilipendeza, nguo nyeupe zimefuliwa zikanyooshwa. Nikatoa nota, tukaanza. Moyo wako ukivunjika, wakapanda vizuri. Mungu hayuko, wakashuka, wakatua kwenye do. Na Nzowa na wenzake, chini kabisa, kwa vifua vyao vyote: hayuko, hayuko.

Kanisani hakuna ubao. Kwa mara ya kwanza niliusikia wimbo wangu bila kuusoma.

Mungu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mkono uliendelea kupiga mapigo, kwa sababu kwaya ya watu ishirini na nne huwezi kuisimamisha kama mtu mmoja, na wimbo una beti nne. Ubeti wa pili, mtu akakohoa upande wa wanaume. Ubeti wa tatu, mzee mmoja wa Mbebe akainamisha kichwa, na vijana wa Ndalambo wakawa wanatazamana. Na hapo, katikati ya hayuko ya tatu, nikasikia benchi likilia upande wa wanawake. Nikageuza shingo. Mama alikuwa amesimama. Alijitanda kanga kichwani, akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka nje mvuani. Hakukimbia. Alitembea kama mtu aliyeitwa.

Ubeti wa nne sikumbuki tuliuimba vipi.

Wazee walikaa kikao dakika kumi tu baada ya ibada. Wimbo usimame. Mchungaji akaongeza kwamba niurekebishe nimpelekee Jumamosi, auone mwenyewe, na usiimbwe hadi hapo. Niliitikia tu. Na aibu yangu kubwa ya jana si ile ya kanisani. Aibu ni kwamba sikwenda kwa Mama. Nilipita njia ya nyuma, kule kwenye migomba, ili nisipite mlangoni kwake, nikajiambia ni kwa sababu ya matope.

Nikakaa nikarekebisha nota. Kuna watu wakiogopa wanakunywa pombe, mimi narekebisha nota. Pumzi nikaiondoa. "Hayuko" nikaikataza isitue kwenye do, ikabaki imening'inia kwenye re, ikaingia moja kwa moja kwenye "mbali". Besi nikawapa warudie "mbali nawe, mbali nawe", nikashtuka kabla wino haujakauka. Lo! Ningerudia kosa lile lile kwa mlango mwingine. Nikafuta. Nikawapa "karibu, karibu". Sasa wimbo ni mzuri. Nasema kweli, ni mzuri kuliko ulivyokuwa.

Leo baada ya shule nikapiga moyo konde nikaenda.

Mama alikuwa jikoni, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Macho yamevimba. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanionyesha kigoda. Mimi nikaanza na hotuba yangu niliyoipanga njiani, kwamba Mama, kuhusu wimbo wa jana, naomba radhi, akainua mkono nikanyamaza. Alichosema alisema kwa Kinyiha; mimi nakiandika kwa Kiswahili na najua kinapungua.

"Nilikungoja jana," akasema.

"Nisamehe, Mama."

"Nilijua tangu ile barua. Tito lini aliuliza habari za maharage? Tito alikuwa hajui hata yanapandwa mwezi gani! Wewe ndiye unayeuliza maharage."

Akaendelea kuchambua, zuri huku, bovu kule.

"Nikasema, huyu ananidanganya, na tangu azaliwe hajanidanganya. Basi kuna jambo, na jambo lenyewe ni moja tu. Nikasema nisimuulize, siku akiweza atasema. Mwaka na nusu, mwanangu, nakutazama unachota maji. Hata siyanywi yote yale." Hapo alitabasamu kidogo, na lile tabasamu ndilo lililonimaliza. "Jana nikasikia umeweza. Nikasema, kumbe imemshinda kuniambia jikoni, ameniambia kanisani, na ametafuta wanaume wazima wamsaidie kulitamka. Nikatoka nikalie."

Alidhani nilikusudia.

Niandike ukweli wote, maana nimechoka. Nilitaka kukubali. Kwa muda ule alipokuwa anachambua konzi moja ya maharage, nilikaa pale nikiona jinsi mambo yatakavyokuwa mepesi. Ningekuwa mwana aliyekosa maneno akatunga wimbo. Mchungaji angesema ni kosa, Mama angejua si kosa, nami ningenyamaza katikati yao nikipokea heshima. Hakuna ambaye angejua. Nilifungua mdomo nikiwa bado sijaamua kitakachotoka.

"Mama, halikuwa kusudi," nikasema. "Ni kosa. Niliweka pumzi mahali pasipofaa. Nilitaka kusema Mungu hayuko mbali. Sikuwa namfikiria Tito. Hata wewe sikuwa nakufikiria. Nilikuwa nafikiria nota."

Mikono yake ikasimama. Nikadhani atanifukuza, na nilikuwa tayari kuondoka.

"Kwa hiyo bado hujaniambia," akasema.

"Bado, Mama."

Akauweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Haya, niambie. Kwa mdomo wako. Bila kuimba."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kinyiha, lugha ambayo sina nota zake wala sina ubao wake. Nilimwambia habari za mwamba, na mtu wa Ndalambo, na kofia aliyoivua, na sepetu. Nikasema Tito amekufa. Sikuwa nimewahi kulitamka hilo kwa sauti mbele ya mtu yeyote, na lilipotoka nililisikia kama nami ndiyo kwanza naletewa habari. Ndugu yangu amekufa. Tulilala kitanda kimoja hadi nilipokwenda kusomea ualimu. Alikuwa ananiita Mwalimu kwa kunidhihaki, kabla sijawa mwalimu.

Nililia vibaya, kwa makamasi na kwikwi, mtu mzima mwenye kaptula ya kazi. Mama akanivuta kichwa akakiweka begani kwake. Alinibembeleza yeye, aliyezaa na kupoteza, na mimi niliyeficha nikabembelezwa. Sikustahili, lakini sikukataa.

Kisha akasimama mlangoni akapiga yowe, lile la msiba, ambalo mtu akilisikia anaacha jembe palepale. Majirani wakaanza kuja mvuani. Mchungaji naye akaja, akaketi karibu na Mama, na habari za wimbo hakuzigusa kabisa. Namshukuru kwa hilo.

Nzowa alikuja na unga wa mbao bado umemganda kwenye nyusi. Alikuwa amehuzunika, na zaidi ya hapo alikuwa na aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyemuua Tito kwa sauti yake. Akanivuta pembeni akaniuliza kama kesho kwaya ije, na waimbe nini. Nikamwambia waje. Nikatoa mfukoni karatasi iliyorekebishwa, nikamwonyesha mahali pumzi ilipokuwa, ambapo sasa haipo, na ile "karibu, karibu" ya besi. Mchungaji alikuwa anatusikia, akaitikia kwa kichwa kuruhusu. Nzowa akaisoma kwa midomo, akaielewa mara moja.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Na wewe utasimama upande gani, wa besi au pale mbele kama kawaida?"

Nimemwambia awaongoze yeye, asinitafute mbele wala pembeni. Kesho nitakaa chini mkekani, kando ya Mama. Mimi ni mfiwa.